Mikato Miwili ya Kaka Yake

Shule niliiona kwa nje, lakini nimewahi kuchemsha maji bila moto. Niliyakaripia tu, yakaona haya, yakachemka. Wajukuu zangu wawili wamekua wakinibishia habari hiyo. Kaka mtu ametutoka, huu mwezi wa nne. Amebaki dada yake, mke mwenzangu, fundi wa programu. Tangu tuzike alikuwa hajalia, wala hajanibishia kitu.

Hufanyia kazi chumbani, kwenye meza yenye viti viwili. Programu anayoandikia wanaiita edita. Yenyewe ni ukurasa mtupu; juu yake watu hupakia furushi la mipangilio lililotengenezwa tayari, lenye rangi na vitufe vya haraka. Furushi lao alilitunza kaka. Likinuna, yeye ndiye wa kulibembeleza. Wiki moja lilinuna, na mbembelezaji yuko chini ya udongo. Huku Jumatatu zahanati inataka programu ya kuwaita wagonjwa walio kwenye foleni. Asipoimaliza anapewa mwingine, na yeye akikosa kazi, sijui nini kitamtoa kitandani.

"Nalifuta," akaniambia. "Naanza na edita tupu."

"Utaweza?"

"Sijui, bibi."

Kama anayesoma bei ya sabuni.

Asubuhi nzima aliandika, mimi kwenye kiti cha pili nashona vifungo. Kila baada ya muda vidole vyake viligonga kitufe kimoja mara mbili, bila yeye kutazama: ta-ta. Mchana akafunga. Edita ikamuuliza jambo; baadaye nikaambiwa ilikuwa ikiuliza kama ifunge bila kuhifadhi. Akabonyeza ndiyo bila kusoma, kama alivyowaitikia watu msibani.

Alipofungua tena, kazi ya asubuhi haipo.

Akaandika neno moja, ta-ta. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea mikato miwili, kama mikia ya panya.

"Kaka ndiye aliyepanga hivi," akasema. "Mikato miwili, kazi inahifadhiwa. Hii edita tupu haijui."

"Umekasirika?"

"Hapana."

"Una huzuni?"

"Sina kitu, bibi."

Nilitamani avunje hata kikombe.

"Basi vifundishe vidole."

"Havisikii."

"Vya ukoo huo. Babu yako vidole vyake vilikuwa vikienda kwenye sukari yeye akiwa amelala. Mara mbili nimevifuata mpaka kabatini."

Hakucheka. Akavuta kiti, akaanza kusoma maelezo, mpaka jua likahama dirishani. Aliandika mstari mmoja, ukakataa. Akauandika upya, ukakataa. Nyuzi ziliniishia nikabaki nimeshika sindano.

Mara ya tatu, ta-ta. Chini ya kioo pakaandikwa: Imehifadhiwa.

Aliutazama mstari ule: kauandika yeye, lakini desturi ni ya kaka yake. Uso haukusogea. Kisha akaanza kuandika upya kazi ya asubuhi, kutoka neno la kwanza.

Jumapili jioni aliituma kwa watu wa zahanati. Chai niliyomwekea ilikuwa imeshika utando. Akainywa hivyohivyo.

"Bibi."

"Abee, mke mwenzangu."

"Yale maji. Yalitoa mvuke?"

Nikajikaza nisitabasamu.

"Mvuke? Ulitanda mpaka jirani akapapasa njia wiki nzima."

"Muongo," akasema.

Hakucheka. Lakini kanibishia.