Ijumaa Kuu Kwenye Ua wa Minyaa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msicheke haraka. Niliwahi kuogopa kuuawa kwa sababu ya mchezo wa karata.

Ni miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walifika Bariadi, kila mmoja na mizani yake na kalenda yake ya kugawa, ukuta wangu ukajaa. Mwaka ulipoisha, mjukuu wangu mkubwa, msichana aliyeletwa na treni mpaka Malampaka akiwa na akili za mjini, alizikata zote. Alichukua sikukuu tu, zile tarehe nyekundu, akazibandika kwa uji kwenye vipande vya boksi la sabuni. Idi akachora mwezi, Sabasaba jembe, Ijumaa Kuu msalaba.

Mchezo wenyewe ni huu. Unagawiwa karata, unachagua moja unaiweka chini, zilizobaki unampa wa kushoto, nawe unapokea za wa kulia. Mnazungusha hivyo hadi ziishe. Anashinda mwenye sikukuu zinazopatana. Ijumaa Kuu bila Pasaka ilikuwa hasara tupu, kila mtu aliikimbia. Mdogo wake yule msichana alichoka kuangukiwa nayo, akaichomeka kwenye minyaa, ua wa zizi la jirani.

Juma lilelile ng'ombe wa jirani akatupa mimba. Jirani akakagua zizi, akaikuta karata ile. Hakuwa mtu wa kanisa. Msalaba aliujua wa makaburini. Mke wake alinifuata kisimani, akaniambia bila kunitazama kwamba mumewe anasema nimekata siku za mtu, na kesho anakwenda kwa mganga.

Miaka ile mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, aliitwa mchawi na hakusikilizwa na mtu. Yangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi, maana kuni hazikuwepo. Mganga akishanyoosha kidole, panga linafuata. Upande wa Mwanhuzi tulikuwa tumemzika mmoja niliyelima naye. Nilibeba ndoo, maji yakanimwagikia njia nzima. Nikawaza kukimbilia Lagangabilili kwa dada yangu. Halafu nikaona, nikikimbia nimekiri.

Asubuhi niliwachukua watoto na karata zao, nikaingia kwa jirani. Alikuwa anajaza upepo baiskeli ya safari ya kwa mganga. Nikasema, "Mwangaluka." Hakuitikia. Mtu asipoitikia salamu kwetu, ujue umeshazikwa moyoni mwake. Nikakaa chini uani pake, nikamwambia msichana agawe. Watu wakaanza kusimama kwenye ua.

"Baba," nikamwambia jirani, "hiyo uliyoiokota ni yetu. Tupe, mchezo haujatimia."

"Mayu, mama yangu, hii ina kaburi."

"Ina Ijumaa Kuu. Kaa ucheze, uone inavyomtesa aliyeishika."

Mke wake ndiye aliyekaa kwanza. Ndipo mume naye akavuta kigoda, pampu ya baiskeli bado mkononi, akaitupa ile karata kati ya zile nyingine. Watoto wakamfundisha. Mzunguko wa kwanza msalaba ukamfikia, akanisukumia upesi.

"Nawe usinirudishie kaburi lako, mayu."

Kwenye ua wakacheka. Mimi sikucheka. Karata ikazunguka, ikamrudia, na safari hii alikuwa ameshaweka Pasaka chini. Yule mdogo akamnong'oneza kwamba sasa inamfaa. Akaitazama, akaitazama, akailaza chini yeye mwenyewe.

"Basi nalizika hapa," akasema. Baiskeli ikabaki imeegemezwa.

Msidhani hofu iliniisha. Miezi mingi nililala nimeegemeza kinu mlangoni, na mbwa akibweka nakaa kitako. Lakini siku ileile, kabla ya kusonga ugali, niliwaita wote wa mji wangu, kaya nzima, nikawaamuru: karata zichezwe uani, mchana, lango likiwa wazi, na anayepita aitwe akae acheze. Na ikikosekana hata moja, hakuna atakayekula mpaka ionekane.