Honi Niliyoizuia Karibu na Kanduyi

Miaka hiyo, kabla pikipiki hazijaijaza Bungoma, safari fupi ilikuwa ya baiskeli. Nyuma ya mwendeshaji palikuwa na kiti cha sponji kilichoshonewa kitambaa cha rangi kali. Mwanamke alikikalia upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, kwenye ukingo wa barabara, mgongo wake ukiyaelekea magari. Shika picha hiyo, msomaji wangu, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Mimi nilikuwa dereva wa pikapu. Nilipakia viazi Saboti, nikashusha vingine Kitale, nikateremka na vilivyobaki hadi Bungoma nilikoishi na mke wangu. Katika njia hiyo tulisalimiana kwa honi. Mbili fupi zilimtosha jirani, fundi, hata shemeji aliyekuwa akichunga ng'ombe. Aliyesalimiwa sharti ageuke na kuinua mkono, la sivyo jioni angeulizwa ana kinyongo gani. Mke wangu aliijua honi yangu kati ya zote kwa sababu ilikwaruza kama koo la mtu mwenye mafua. Akiisikia langoni, alitoka.

Asubuhi moja nilikuwa nakaribia Kanduyi, gari limejaa. Mke wangu alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Alikuwa amelala kwa mama yake, kandokando ya barabara hiyohiyo, na kliniki ilikuwa mjini. Nilipomaliza kona nikaona baiskeli mbele yangu, na juu ya kiti chake mwanamke aliyejifunga leso ya manjano, ileile niliyomnunulia mke wangu Kitale. Mkono wangu ukaenda kwenye honi wenyewe, kwa mazoea.

Ndipo nikaona trekta ya miwa ikija. Ilivuta matela mawili, na miwa ilikuwa imechomoza pembeni, ikifagia sehemu yetu ya barabara. Kwenye kioo, lori refu la trela la kwenda mpakani lilikuwa limenikaribia hadi sikuziona taa zake. Lami ya pale ilikuwa imeliwa kingo. Gurudumu likitoka, lingeshuka ghafla kama mguu uliokosa ngazi.

Niliurudisha mkono kwenye usukani.

Labda unajiuliza kwa nini. Abiria wa baiskeli hageuzi shingo peke yake. Aliyekaa upande huzungusha kiwiliwili chote, uzito wake unahama, na mwendeshaji anavutwa naye kuelekea katikati ya barabara bila kupenda. Honi za trela mke wangu alikuwa amezizoea; kwake zilikuwa kelele tu. Yangu ilikuwa sauti ya mumewe. Angegeuka akitabasamu, mkono mmoja ukiachia kiti, na miwa ile ingemkuta hapo.

Nikapunguza gia. Nikalisogeza gari kulia kidogo, si kwa kuikaribia trekta, ila kiasi cha kumnyima mtu wa nyuma nafasi ya kupenya. Trela likapiga honi, likapiga tena, refu. Niliona mabega ya mwendesha baiskeli yakijikunja, lakini mpini haukuyumba. Leso ya manjano haikugeuka. Nilikuwa nikisema naye kimoyomoyo: kaa hivyohivyo, mama, kaa hivyohivyo.

Trela likaanza kutoka ili linipite. Pua yake ilitokea kwenye kioo changu cha kulia, kisha dereva akaiona trekta, akarudi nyuma breki zikilia. Wakati huohuo miwa ikanifikia. Ilikwaruza mlango, ikakikunja kioo, ikapita. Sekunde chache kabla, ilipoipita baiskeli, kati ya majani yake na kichwa cha mke wangu palikuwa na nafasi ya kupitisha kikapu.

Kanduyi barabara ilipopanuka, mwendesha baiskeli alishuka taratibu kwenye changarawe. Nami nikasimama. Trela likasimama ubavuni, dereva akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama naendesha gari ama jeneza.

"Yule ni bibi yangu," nikamwambia.

Akaangalia leso, akaliangalia tumbo. Sauti ikashuka.

"Si ungepiga honi atoke, bana?"

"Angegeuka aniangalie."

Aliondoa gari polepole, akazunguka baiskeli kwa mbali sana, kama anayezunguka shimo.

Mwendesha baiskeli alikuwa akijifuta uso kwa kofia. Aliniambia alihisi gari nyuma yake lisilopita wala kupiga kelele, akajua ni mtu wa hapa, anayejua abiria akigutushwa baiskeli huyumba. Mke wangu ndiye hakuwa na habari ya lolote. Alishuka kwenye kiti, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe? Unanifuata njia yote kama askari, hata salamu hunipi? Ama umechoka na mimi?"

 Nilimshika mkono tu, nikampandisha mbele, juu ya gunia tupu la viazi nililokunja likawa mto, nikampeleka kliniki mwendo wa kobe.

Nilimweleza wiki kadhaa baadaye, mtoto akiwa ameshazaliwa na amelala. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tangu leo nikifika langoni nizime gari na kubisha hodi kama watu wengine, asibaki na honi ya kugeukia barabarani. Ndivyo ninavyofanya mpaka sasa.