Mstari wa Aprili

Asukile alikuwa mtu wa hesabu, na watu wa hesabu wana ugonjwa wao: wanachokipenda lazima wakihesabu. Alikuwa karani wa mizani katika banda la kukaushia pareto huko Uporoto, juu ya Mbeya, ambako ukungu huingia ndani bila hodi. Maishani mwake alifanya jambo moja kubwa, nalo lilienea kwenye karatasi moja.

Lilikuwa jedwali. Maua ya pareto huletwa mabichi, hukaushwa, hupungua uzito, na zamani hakuna aliyejua ni halali yapungue kiasi gani. Kwa miaka miwili Asukile na karani mwenzake Kasian, Mhehe mrefu wa Iringa, walipima mabichi yakiingia na makavu yakitoka. Wakapata mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi: ratili mia za maua mabichi zitoe ratili ngapi kavu. Walikula sufuria moja. Kasian alikuwa na tabia ya kuikata saba kwa kistari katikati, na Asukile alimtania kwamba anawachinja wasio na hatia.

Wakagombana kwa mstari wa Aprili. Asukile alisema ishirini na mbili.

"Kaka, wiki uliyopima wewe ilikuwa na jua," Kasian akamwambia. "Aprili yenyewe ni kumi na saba. Ukiandika hiyo yako, wakaushaji wataitwa wezi."

Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa Asukile. Akaandika ishirini na mbili, na chini akaweka jina lake peke yake. Kasian akaomba uhamisho kwenda Iringa, akaondoka bila kuaga.

Jedwali likaanza safari. Karani wa banda hili akanakili, wa banda lile akanakili kwa huyo. Asukile akanunua daftari: upande wa kushoto aliandika mabanda yanayolitumia, upande wa kulia wale wanaolitaja jina lake. Kila alikofika aliuliza kama mgeni, "Jedwali zuri hili. La nani?"

"La serikali, mzee," walimjibu. Au, "Tumelikuta tu."

Chanda chema huvikwa pete, lakini pete yenyewe haikuja. Kufikia mwaka 1957 kushoto kulikuwa na mabanda kumi na moja, kulia kweupe. Iliuma. Na kila Aprili, katika mabanda yote hayo, wakaushaji walisimamishwa kujibu upungufu ambao hawakuula. Hilo Asukile alilisikia, ila hakuliandika popote.

Mwezi wa sita mwaka huo dereva mmoja alimletea ujumbe. "Kuna Mhehe mrefu pale Mbalizi anakuulizia. Lori lao linaondoka saa saba."

Moyo ulimruka. Kisha akawaza: amekuja kunisumbua na Aprili yake. "Mwambie nina kazi," akasema. Siku ile alisoma mizani vibaya mara mbili, na njiani kurudi nyumbani alijikuta anamzungumzisha Kasian peke yake.

Mwaka uliofuata akaomba likizo aende Iringa. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa akimfungia viazi vya njiani.

"Baba Sekela, unakwenda kuhesabu mabanda au kutafuta mtu?"

Akavipokea viazi, akatoka.

Dabaga, milimani kule Iringa, mkuu wa banda aliitwa Abrahamu. Walisalimiana kwa kamwene, salamu ya Wahehe, na macho ya Asukile yalikuwa yameshafika ukutani. Jedwali lilikuwapo. Aprili: kumi na saba, na saba ile ilikatwa katikati. Chini yake palikuwa na maneno kwa mwandiko uleule: *Limetungwa na Asukile wa Uporoto, Mbeya. Atakayelinakili alinakili na jina lake.*

Jina la Kasian halikuwapo.

"Hili limetuokoa," Abrahamu akasema. "Hapa mkaushaji hasingiziwi wizi."

"Aliyeliandika yuko wapi?"

"Kasian? Alikwenda migodi ya shaba, Rodesia, mwaka jana mwezi wa sita. Alibeba nakala nyingine kama hii. Alisema atapita Mbeya ampe mwenzake mkononi, maana barua angeichana. Tangu hapo hatujasikia neno."

Asukile akafungua daftari lake. Upande wa kulia, baada ya miaka yote ile, alikuwa na la kuandika. Akalifunga. Akaomba kalamu, akasogea ukutani, na baada ya jina lake akaandika *na Kasian*, taratibu.

Abrahamu akamtazama. "Kumbe mnafahamiana, mzee?"

"Alinisubiri Mbalizi," akasema Asukile, "mpaka saa saba."