Picha ya Mwanamkasi Akisoma

Uweso wa Pangani alipenda sifa, na za kwake zikimwishia aliazima za mkewe. Safari hii alimkamata Zebedayo, fundi wa Kibondei aliyechora mabango ya maduka, akamtaka amchore Mwanamkasi akisoma.

Mwanamkasi akaketi ukumbini, kanga kichwani, mapajani kitabu cha herufi za Kiarabu: hadithi ya binti sultani aliyeposwa na jini. Zebedayo akasimama nyuma ya bega lake, apate shavu na kurasa kwa pamoja. Bibi huyu alitolewa chuo cha Kurani mapema akaozwa, kwa hiyo macho yake yalitambaa kama kobe aliyeshiba. Lakini siku hiyo alizama. Harufu ya rangi ikachanganyika na ya tui lililochemka jikoni, kuta zikawa za kasri, na fundi alipomwomba asitikisike, sauti ikamjia kama ya kijakazi wa binti sultani. Mstari mmoja aliurudia na kuurudia, kwa utamu wake tu.

Picha ikakauka, Uweso akaikagua, mikono kiunoni. Chuoni alikimbia bakora; kisomo chake ni cha skuli, darasa la nne. Akaona kurasa nyingi ziko kushoto, chache kulia. Basi akatangaza mtaa mzima kwamba mkewe anamaliza kitabu, na Ijumaa baada ya alasiri wanawake waje wasikie mwisho, halua ipo.

Wewe uliyekaa chuoni, cheka polepole. Kitabu kile huanzia kulia. Mwanamkasi ndiyo kwanza yuko mlangoni.

Akisema kweli, mumewe atakuwa kichekesho cha kahawani. Akinyamaza, atakwama yeye mbele ya watu. Alilala nalo, akaamka nalo.

Ijumaa ukumbi ukajaa. Bi Semeni, mama mkwe wake, mwenye ulimi wa upupu, akaitazama picha ukutani, kisha mwenye picha.

"Haya mwanangu, jini kaoa au kafukuzwa?"

"Sijui, mama," akasema Mwanamkasi. "Ndiyo kwanza naanza. Uweso amehesabu kurasa kinyume."

Nje ya dirisha mtu akakohoa. Wanawake wakacheka hadi kufutana machozi.

"Nilimwambia baba yake Uweso amrudishe chuoni," akasema Bi Semeni. "Basi tuanzie mwanzo."

Mwanamkasi akaanza, akisitasita. Alipokwama walimngoja, macho yao yamekwenda mbali, halua imesahauliwa kwenye sinia. Adhana ya magharibi iliwakuta jini bado hajabisha hodi, na Bi Semeni akainuka shingo upande kwenda kutia udhu.