Nilimsikia Akilitaja Jina la Mke Wake

Msinihurumie. Nimekosa, tena nimekosa akili zangu zikiwa timamu. Padri nimemwambia nusu tu. Nusu iliyobaki nawaambieni ninyi, kwa sababu uso wangu hamuujui.

Mimi ni mama wa Butembo, mashariki mwa Kongo, komini ya Mususa. Katika shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa avenyu yetu, mimi ndiye ninayeshughulikia wenye shida. Mtu akifiwa, mimi. Mgonjwa akikosa uji, mimi. Na nilikuwa napenda kusifiwa, jamani! Mtu akisema "huyu mama ana roho nzuri", nilijifanya sijasikia ili arudie.

Watu walipozidi kukimbia mauaji upande wa Beni, padri aliomba kila mwenye chumba apokee familia moja. Nilisimama wa kwanza, kanisa likapiga makofi. Nikampokea Masika na watoto wake wawili, nikawapa chumba tulichokuwa tunawekea maharagwe. Mume wangu ni mchuuzi, kila mara yuko Lubero anatafuta viazi na maharagwe, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na binti zangu.

Masika alikuwa amepotezana na mume wake, Muhindo, siku waliyoshambuliwa wakiwa shambani. Hakujua kama yuko hai. Kila jioni alimwombea, nami nilimwitikia: "Ee Bwana, mrudishe Muhindo." Kwa mdomo huu huu!

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilimpa, na shamba langu alililima bila kunung'unika. Lakini miezi ikapita, nikachoka. Nilichoka na watoto wake kulia usingizini. Nilichoka kungojea zamu ya choo kwangu mwenyewe, nikachoka kuona unga wa fufu unaisha kabla wiki haijaisha. Badala ya kusema, nilikuwa naweka sahani chini kwa kishindo ili anisikie. Kanisani tabasamu, nyumbani kishindo.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu watu wakiona hatari wanapiga sufuria. Nyumba moja ikianza, ya jirani inaitikia, na kabla hujamaliza Salamu Maria avenyu nzima imetoka na fimbo na mawe. Desturi hiyo imeokoa watu wengi, ndiyo maana hakuna anayepiga ovyo.

Jioni ile mvua ilikuwa imetoka kukatika, mwanga bado upo. Masika alikuwa ameenda kuchota maji. Mimi nilikuwa jikoni, kile kijumba cha mbao cha uani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao nikaona mwanaume amesimama nyuma ya ua wetu. Buti zimejaa tope, ndevu zimemfunika, panga mkononi. Nikakamata sufuria na mwiko, nikapiga.

Hapo bado sijakosa. Kwa jinsi tunavyoishi huku, yeyote angepiga.

Lakini yule mtu alilitupa panga chini. Akainua mikono, akaita kwa nguvu:

"Bandugu, miye si mutu mubaya! Niko natafuta bibi yangu, Masika! Banasema iko hapa!"

Nilisikia. Jina nililisikia vizuri kabisa. Nilijua papo hapo kwamba huyu ni Muhindo, yule yule tuliyekuwa tunamwombea.

Na mnajua nilichowaza? Niliwaza: na huyu naye! Sasa mume amefika, hawataondoka tena.

Nikaendelea kupiga.

Ee Nyamuhanga, Mungu wangu! Labda nilitaka aogope tu, akimbie, apotelee huko. Nilipiga mpaka mwiko ukavunjika, na huko nje sufuria za majirani zilikuwa zimeshaitikia kila upande.

Walimfikia kabla hajageuka.

"Adui iko hapa!"

"Unatoka wapi? Leta carte!"

"Bandugu, nasema…"

"Nyamaza! Carte iko wapi?"

Kitambulisho atoe wapi? Nani anakimbia mauaji akikumbuka kitambulisho? Wakaanza kumpiga. Papa Kakule, fundi wa pikipiki, mtu mpole ambaye hata kuku wa Krismasi humwomba jirani amchinjie, nilimwona ana jiwe.

Nami nilisimama kwenye mlango wa jikoni, nikanyamaza.

Mkiniuliza, ningependa kusema niliogopa. Uongo! Niliona haya. Ningewaambiaje majirani kwamba nimewaita juu ya mtu ninayejua jina lake? Nikangoja mtu mwingine aseme. Lakini mwingine yupi, na mimi ndiye niliyejua peke yangu?

Alikuwa ameshaanguka, anakinga kichwa kwa mkono, ndipo sauti ikanitoka:

"Mumuache! Ni mutu yetu! Ni bwana ya Masika!"

Mikono ikasimama. Masika akatokea mbio kwenye njia, akapenya katikati ya watu, akamwangukia mumewe matopeni. Sitaki kuwaeleza alivyolia.

Hakufa, Mungu asifiwe. Lakini mkono wa kulia ulivunjika vibaya, na vidole havikunjiki tena. Mtu wa jembe! Nilimpeleka hospitali, nikamwosha damu, nikampikia. Papa Kakule alikuja akalia mbele yetu wote. Akauliza ni nani aliyeanza kupiga. Nikasema sijui, sufuria zilikuwa nyingi.

Nilidhani aibu yangu imeishia hapo. Kumbe!

Muhindo hakuwa ameniona nyuma ya zile mbao. Alichokumbuka ni sauti ya mwanamke iliyosema aachwe. Siku ya kusali shirika alisimama mbele ya watu, mkono umefungwa shingoni, amebeba kuku kwa mkono wa kushoto. Sijui alimpata wapi.

"Bote balikuwa banataka kuniua," alisema. "Mama huyu peke yake alisema miye niko mutu. Wasingya kutsibu, mama. Asante sana."

Wakaimba, wakanipigia makofi. Na yule kuku nilimpokea. Nilimpokea, jamani!

Kumla sikuweza. Kesho yake nilimkuta Masika peke yake uani, anachambua maharagwe. Nikapiga magoti nikamwambia yote, hata lile nililowaza. Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe.

"Mama, najua," akasema. "Nilikuwa mu njia na bidon ya maji. Nilisikia vile ananiita. Nilisikia vile sufuria yako haisimame."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akatupa jiwe moja kando. Kisha akaniangalia.

"Tangu tukimbie, hakuna mutu alimufanyia muzuri. Iko wewe tu. Nikimuambia, atabakia na nani?" Akavuta ungo karibu. "Na wewe usimuambie. Ubakie ule mama anafikiri uko."

Afadhali angenitukana! Hata angenimwagia maji ya moto, ningepata usingizi. Sasa ndiyo kazi yangu kila siku, kuwa mama ambaye sikuwa siku ile, na siwezi hata kuomba msamaha kwa mwenyewe niliyemkosea. Ndiyo maana nawaandikia ninyi bila jina.

Ndugu zangu, mnaonyanyuka wa kwanza kanisani, nawaonya. Ukichoka na mgeni, sema umechoka! Waambie wenzako wa shirika, mwingine atampokea. Kuchoka si dhambi. Mimi nilificha uchovu wangu chini ya sifa, ukatoka siku mbaya kwa njia mbaya. Na kama unalijua jina la mtu anayepigwa, litaje hapo hapo, hata kama utaaibika mbele ya avenyu nzima. Usingoje mwingine.

Bado wanakaa kwangu. Leo asubuhi Muhindo alikuwa amekaa mlangoni, mtoto wake mdogo anamfungia vifungo vya shati. Aliponiona napita, akamwambia mtoto angoje kwanza, akasimama shati wazi, akanisalimia kwa heshima.