Makofi ya Maman Mauwa

Guylain ananisumbua tangu Pasaka: "Maman, uandike, uandike." Kana kwamba vidole haviniumi. Masomo niliyaacha zamani sana, na watu wa diplome wamejaa Ixelles nzima, hapa Bruxelles, lakini ni mimi ndiye nasumbuliwa. Bon, naandika. Mwenye haraka aende apike sombe yake.

Ni mambo ya Maman Pétronille wa Auderghem, mujane kutoka Bukavu, shingo ngumu, kiburi cha kutosha nyumba mbili. Kazi yake hapa ilikuwa kuosha wazee wa Wazungu, mpaka naye akazeeka. Sasa yuko pension, na kila mwezi anapanda metro mpaka Porte de Namur kwa sababu ya filamu. Ni huyu Guylain anazionyesha katika salle ya parokia, na mwaka jana wote zilikuwa za aina moja: watu wa kawaida, mulimaji, mufua nguo, padri wa kijiji, wenye kuficha Wayahudi wakati Wajerumani walikuwa wanawawinda.

Pétronille alizipenda na alizichukia. Alilia kama wote, lakini huku analia, anagombana na ile filamu. "Na ndoo? Watu wazima nyuma ya kabati, hawajisaidii? Nani anatoa ndoo?" Watu wakimuambia "chut!", anaongeza sauti. Kisha taa zinawaka, kila muntu anapangusa machozi juu ya ule mama wa ndani ya filamu, na yeye roho inamuchoma. "Ule anapewa maua," anasema, "na hata ndoo hakutoa."

Kwa sababu na yeye alikuwa na habari yake ya kuficha. Wakati wa vita, kule Kadutu, mutaa wa Bukavu, askari walipokuwa wanatafuta watu nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila, jirani alimuachia mutoto mwanamuke wa miaka mine, akaenda, hakurudi tena. Pétronille alimufunga mutoto mugongoni, akamutia madoadoa uso wote na mawese yenye kuchanganywa na masizi. Askari walipopiga mulango, akawafungulia mwenyewe: "Ni surua. Muingie tu, mupelekee watoto wenu." Hawakuingia. Akakaa naye hivyo mpaka mujomba wa mutoto akakuja kumuvusha Burundi. Basi. Habari ikaishia pale, na Pétronille hakumuambia muntu. Utajisifu namna gani juu ya mutoto wa jirani?

Sasa, mwezi wa kumi na moja, filamu imeisha, Guylain akashika micro ya kusemea: "Na sisi wenyewe tulio hapa? Nani alificha muntu? Nani alifichwa?"

Akasimama mwanamuke mumoja anaitwa Précieuse, infirmière wa hospitali, kijana bado, koti nzuri. Alikuwa hajafika pale hata siku moja.

"Mimi nilifichwa," akasema. "Bukavu. Nilikuwa mudogo, nakumbuka tu mugongo wa mama mumoja, na harufu ya mawese usoni. Alidanganya askari kwamba nina surua. Mujomba aliniambia jina lake: Maman Mauwa. Sijui kama anaishi."

Pétronille, kule nyuma, akasikia jina lake la Kadutu. Kwetu mwanamuke akizaa, jina lake linaenda kulala. Wanamuita kwa mutoto wake wa kwanza. Na mutoto wa kwanza wa Pétronille ni Mauwa, yuko Lubumbashi, ameolewa. Kadutu yote ilimuita Maman Mauwa. Lakini Bruxelles inaita muntu kama karatasi ya commune, ofisi ya mutaa: weka "maman", kisha jina lako mwenyewe. Na kwenye mustari wa mbele alikuwa ameketi Mauwa mwingine, Mauwa kwa jina lake la kuzaliwa, mwenye salon ya kusuka kule Matonge ya Ixelles, naye muntu wa Bukavu.

"Maman Mauwa! Kumbe ni wewe!" Wakamuinua kwa mikono. Makofi, vigelegele. Précieuse akamuangukia shingoni. Mauwa akalia, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Pétronille akabaki kwenye kiti, sakoshi magotini. Angesimama, maneno yangeisha palepale. "Niinue mukono kama mutoto wa masomo?" alisema kisha. "Niombe kitu changu mwenyewe? Jamais."

Basi akaanza kuteseka. Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, alijifanya anaenda Matonge kutafuta makayabo, samaki ya chumvi, kisha anapita mbele ya dirisha la Mauwa, mara ya kwenda, mara ya kurudi. Ndani, Précieuse ameketi, Mauwa anamusuka, wanacheka, beignets, maandazi Précieuse ameleta, ziko juu ya meza. Précieuse anamuita maman! Anamuletea koti! Pétronille aliangalia zile nywele. Ni yeye alizinyoa na wembe kule Kadutu sababu ya chawa, mutoto analia, na yeye analia naye. Samaki alinunua ikarundikana nyumbani mpaka jirani wa juu akalalamika harufu.

Kisha Guylain akatangaza: mwezi unaokuja, Maman Mauwa atakaa mbele pamoja na bibi mumoja Mubelgiji, ambaye wazazi wake walificha mutoto Muyahudi. Atazungumza na watu.

Pétronille hakupita tena dirishani. Aliingia.

"Pétro, ingia ao utoke," Mauwa akasema, kitana mukononi. "Unatuletea baridi."

"Nimekuja kuona mama ya mutoto wangu."

"Mutoto gani?"

"Ule mwenye unakula beignets zake. Bukavu ulikaa wapi?"

"Nyawera. Unajua."

"Na mutoto wangu wa kwanza anaitwa nani? Ulikula mbuzi ya ndoa yake. Sema jina."

Mukiliya mumoja wa kusukwa alikuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa. Aligeuka asikie vizuri.

"Mauwa," Mauwa akajibu polepole.

"Donc ulijua."

"Pale salle, hapana. Nilipofika kwangu, nilijua." Akaweka kitana chini. "Pétro, wako aliishi. Na mimi nilificha. Élisée, mwanafunzi, alikuwa anapanga chumba kwangu. Nilimupandisha kwenye plafond, darini. Vumbi, akakohoa. Askari walimushusha mbele ya macho yangu. Ni nani ataniuliza juu ya hiyo? Waliponipigia makofi, nilisema moyoni labda ni makofi ya Élisée. Nikashindwa kukaa chini."

Pétronille alikuwa ametoka Auderghem na matusi amepanga vizuri, kuanzia ndogo kwenda kubwa. Yakapotea yote. Lakini wivu haukupotea, ulikuwa bado pale umeketi.

"Makofi, ubaki nayo," akasema. "Mutoto, hapana. Shika simu."

Mauwa akapiga, akaweka sauti kubwa. "Précieuse, chérie, unisamehe. Maman Mauwa wa Kadutu si mimi. Ni mama ya Mauwa. Anaitwa Pétronille."

Précieuse akauliza: "Ule maman wa nyuma? Mwenye kugombana na filamu?"

"Yeye."

"Kwa nini hakusema?"

Pétronille akainama juu ya simu. "Na wewe, kwa nini hukuniuliza jina langu?"

"Nilikuwa na miaka mine, maman!"

"Hata kama!"

Précieuse akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, wote wakasikia. "Mubaki hapo," akasema. "Ninakuja."

Alikuja na nguo ya kazi, ile nyeupe. Kilichosemwa pale sitaandika, si kazi ya muntu mwingine.

Précieuse alitaka Pétronille ndiye akae mbele pamoja na yule bibi. Pétronille akakataa. "Mauwa akae. Lakini aseme ya Élisée. Filamu zote hizi, mutoto anapona. Na mwenye hakupona?"

Siku ya filamu ikafika, Mauwa akasema ya Élisée, bila karatasi, mikono imeshikana. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Yule bibi Mubelgiji akamushika mukono, na salle nzima ikasimama, kimya, hata watoto. Pétronille alisimama nyuma na Précieuse pembeni yake, na bado wivu ulimukamata, kwa sababu kile kimya kilikuwa kikubwa kuliko makofi yote. Précieuse akaona uso wake umekunjamana, akamutegemea begani.

"Nikuite nani sasa?"

"Pétronille," akajibu. "Maman Pétronille. Na siku ya posho unasukwa kwangu."

"Unajua kusuka?"

"Nitajua."

Mpaka leo hajui. Précieuse anatembea Auderghem na mistari ya kupinda, na hakuna anayethubutu kusema neno.

Sasa wewe mwenye umesoma mpaka hapa. Uko na mama mumoja mahali fulani, alikupa maji, ao kitanda, ao alidanganya askari juu yako, na unamujua tu kama mama ya fulani. Acha kunisifu. Vaa viatu, uende kwake, umuulize jina lake, lile baba yake alimupa. Kisha uniletee, uliandike kwa herufi kubwa, macho yangu si mazuri.