Togwa ya Shangazi Felista

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka, ni ile tuliyokwenda kijijini Pito kumlimia Shangazi Felista, dada yake baba. Naiandika kwa kusitasita. Shule yangu iliishia darasa la saba, na sijui kama nina haki ya kumfundisha mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiuza spea za pikipiki Sumbawanga mjini. Kutwa nimekaa kwenye stuli. Asubuhi maandazi na chai ya sukari vijiko vinne, mchana chipsi mayai na soda, jioni soda tena. Hata kuvuka mtaa niliwasha pikipiki. Tumbo likatoka, watu wakanisifu, "Umenawiri!" Nikaamini. Ugali wa ulezi nikauita chakula cha washamba.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikwenda kupimwa, maana kiu haikuisha na kukojoa kukazidi. Daktari akasema ni kisukari. Akanipa vidonge na kadi, akaniambia nipunguze vitamu, nitembee. Nikaona aibu. Kwetu tulidhani huo ni ugonjwa wa wazee wenye fedha. Vidonge nikaviweka chini ya godoro, kadi nikaitia kwenye pochi, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ujana hauna masikio.

Basi kule shambani tulikuwa tukipiga matuta yetu ya Kifipa, yale ya mviringo ambayo majani hufukiwa chini yake yaoze. Kazi ya mgongo hasa. Binamu yangu Desi akanicheka, "Jamani, bosi kaja na tumbo, mikono kaiacha dukani!"

Tuta la nne sikulimaliza. Shangazi akanipa kikombe cha togwa, kinywaji chake kitamu cha kimea, nikakinywa chote. Nilipoinuka, nchi ikazunguka, nikaanguka.

"Kala nini huyu?" mtu akauliza.

"Si hiyo togwa?" akasema mama mmoja jirani, akamwaga ya kwake chini.

"Nimeipika jana tu hiyo, jamani! Hata mimi nimeinywa!" Shangazi akalia.

Wakaniuliza. Nilijua ninachoumwa. Nikajibu, "Tumbo linanikata."

Niwe mkweli, sikusema ni togwa. Lakini sikusema si togwa. Chungu kizima kikabaki, watu wakaenda kunywa maji kijitoni.

Siku ya tisa, nimesharudi mjini, Shangazi alikuja dukani kwa miguu, kajitwisha unga wa ulezi. Akapiga magoti mbele ya wateja.

"Nisamehe, baba. Labda nilikosea kimea. Hata kwenye ubatizo wa mjukuu wangu, hakuna aliyegusa chakula changu."

Mwanangu, mtu mzima alinipigia magoti mimi! Nikamwinua, nikatoa kadi, nikamsomea. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikunyima nini, mpaka ukanipa sumu nisiyoipika?" Kisha akasema, "Funga duka. Twende Pito."

Pikipiki aliikataa. Tukatembea, nami nikisimama kuhema kila kilima, yeye akiningoja. Nikasema ukweli nyumba kwa nyumba. Wengi walimwomba radhi. Wachache hawakunywa togwa yake mpaka alipofariki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisemi soda peke yake ndiyo iliyoniuguza. Daktari alinieleza kuwa kuna na mambo ya ukoo. Wapo wanaokula ovyo wakazeeka salama, na wapo wanaougua bila kosa lao. Kuugua si aibu. Aibu yangu ni ile nyingine, na bado ninayo.

Ila nakusihi, mwanangu: kiu ikatwe na maji, maharage na mboga visikutie haya, pa kutembea tembea, na jembe usilikimbie. Usiipime afya yako kwa sifa za watu. Ukiona mwili umebadilika, kapime, na dawa ukipewa, meza. Na ukiambiwa unaumwa, waambie wa kwenu mapema, kabla ugonjwa wako haujabebeshwa asiyehusika.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe miguu ya kupanda vilima hivi mpaka mvi zikuote, na akikuonyesha udhaifu wako, akupe na ujasiri wa kuutaja. Amina.